Kukopi kwa Heshima: Darasa la Mzee Moreau

Shuleni, kukopi ni kesi. Ukishikwa kwenye mtihani, karatasi inachukuliwa na mzazi anaitwa. Ndiyo maana vijana wengi wanaojifunza kuchora huona haya kusema kwamba picha fulani wameinakili. Lakini ukifuata historia ya rangi za mafuta, utakuta kunakili ndiko kulikokuwa darasa lenyewe.

Twende Paris, mwaka 1892. Gustave Moreau, mzee wa miaka sitini na kitu, anaanza kufundisha École des Beaux-Arts, shule ya sanaa ya serikali. Anahesabiwa miongoni mwa Wasimbolisti, wachoraji waliotaka kuonyesha ndoto, imani na hofu, si yale tu ambayo jicho linaona barabarani. Picha yake maarufu ni L'Apparition. Salome, yule binti aliyecheza mbele ya Herode, ananyoosha mkono kuelekea kichwa cha Yohana Mbatizaji. Kichwa kinaelea hewani, kimezungukwa na miale, damu inatiririka.

Nakala ya rangi za maji ilionyeshwa Paris mwaka 1876. Ile ya mafuta ilibaki kwake, na leo iko katika nyumba yake iliyogeuzwa makumbusho mwaka 1903. Kwa anayejifunza, hii ya mafuta ndiyo tamu, kwa sababu haikukamilishwa. Juu ya nguzo na kuta, Moreau aliongeza baadaye mistari myembamba ya mapambo, na bado inaonekana wazi kama ramani.

Sasa hebu jaribu kuinakili. Swali la kwanza si "nichore nini?" bali "kipi kilitangulia?" Swali hilo ndilo linalokufikisha kwenye kanuni za kazi. Tabaka la chini liwe na mafuta kidogo, la juu liwe na mengi zaidi. Ukigeuza, la juu litakauka kabla ya la chini, kisha picha ipasuke. Ukitaka rangi ing'ae kama kito, usikimbilie nyeupe. Subiri tabaka la chini likauke, hata kama ni siku kadhaa, kisha upitishe juu yake rangi nyembamba inayopenya mwanga. Haraka haraka haina baraka, na hapa si msemo tu.

Moreau mwenyewe alikwenda Italia mwaka 1857 kunakili wakongwe, na wanafunzi wake aliwatuma Louvre wafanye vivyo hivyo. Je, walitoka wote wakifanana naye? Wapi! Henri Matisse alinakili meza ya matunda ya Jan Davidsz. de Heem mwaka 1893. Mwaka 1915 aliirudia meza ile ile, ikawa ya pembe na rangi bapa, Matisse mtupu. Georges Rouault, aliyekuja kutunza makumbusho ya mwalimu wake, alichora Kristo kwa mistari minene myeusi.

Basi wizi uko wapi? Uko kwenye kudai kazi ya mwingine ni yako. Louvre wanalijua hilo: mpaka leo wachoraji huruhusiwa kunakili humo, mradi nakala isilingane kwa ukubwa na picha asili. Kwa hivyo nakili, ndugu yangu. Nyuma ya turubai andika jina la mwenyewe, kisha uanze nyingine.