Mibuni ya Bukoba kabla ya Mjerumani

Mpelelezi Mwingereza John Speke alipofika Karagwe, magharibi mwa Ziwa Victoria, mwaka 1861, kahawa ya nchi zile ilikuwa ya kutafunwa, si ya kunywewa.

Wahaya, wenyeji wa Bukoba, waliyachuma matunda ya robusta yangali mabichi, wakayachemsha pamoja na majani ya kunukia, wakayakausha na maganda yake. Mgeni akishakaa hukaribishwa kahawa, akatia punje mdomoni na mazungumzo yakaendelea. Waliochanjiana undugu waligawana tunda moja: ndani mna buni mbili, na kila mmoja alimeza ya mwenzake iliyopakwa damu.

Kitu chenye heshima hiyo hakikuachiwa kila mtu. Wakama, yaani watawala wa Kihaya, walidhibiti upandaji wa mibuni mipya.

Kinachostahili kusifiwa zaidi ni udongo. Kandokando ya Ziwa Victoria mvua hufika takriban milimita 2,000 kwa mwaka, ikaosha rutuba na kuacha tindikali. Mbuni huvumilia tindikali kiasi, lakini hauvumilii njaa. Ndiyo maana nyika za huko, ziitwazo rweya, zilibaki majani matupu, huku kibanja, yaani shamba la nyumbani, kilicho hatua chache tu kutoka hapo kikiwa msitu wa migomba na mibuni. Tofauti hiyo waliifanya watu. Ng'ombe walilishwa rweya mchana na kurudishwa nyumbani jioni, samadi ikaenda kwenye mashina. Nyasi zilikatwa huko huko zikatandazwa chini ya migomba, vizazi kwa vizazi, mpaka udongo ukawa mweusi. Tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890 iliposhambulia mifugo, samadi nayo ikapungua.

Wajerumani walijenga kituo Bukoba mwaka 1890. Chini yao zao la heshima likawa zao la fedha, na Waingereza wakaendeleza mkondo huo. Mwaka 1937 kanuni za serikali kuhusu utunzaji wa mibuni zilizusha ghasia Buhaya, nchi ya Wahaya. Hasira hiyo inaeleweka: waliopangiwa namna ya kutunza mbuni ndio hao hao waliourithi pamoja na kibanja chake.

Mwaka 1950 wakulima wakapata chama chao kikuu cha ushirika. Serikali ilivivunja vyama vikuu nchini kote mwaka 1976, kisha vikarudi miaka ya 1980. Butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa, imepigwa vita miaka mingi, lakini mwenye shida ya ada ya shule bado huikimbilia.