Mafundi wa Jumapili: Waingereza walivyoanza kujipigia misumari wenyewe

Mnisamehe kwa ukimya, zamu za usiku zimeniandama mwezi mzima. Leo nimepata mapumziko, na badala ya kulala nimeshinda napanga vifaa vya ufundi kwenye kabati la chini ya ngazi. Najua mama atacheka. Ndiyo mama, yule binti aliyekuwa anafukuzwa karakana ya marehemu baba, "toka hapa, nenda kashike kalamu," leo anamiliki keekee ya umeme!

Ilianza mwaka wangu wa kwanza hapa Southampton. Nilitaka rafu mbili tu ukutani. Fundi akaniambia pauni 90. Nikazigeuza kuwa shilingi kichwani, nikakaa chini. Nesi mwenzangu, mama wa Kiingereza wa miaka hamsini na kitu, akaniambia zifunge mwenyewe. Jumamosi akaja na sanduku lake: nyundo, bisbisi, pima maji, keekee, kila kitu. Saa moja tu rafu zikasimama. Nikawa najiuliza, hawa watu walianza lini mambo haya? Kwetu hata balbu ikilegea tunamwita fundi. Basi nikaanza kusoma, na leo nawapa nilichookota.

Kwanza kile kidude kinachoingizwa kwenye tundu la ukuta kabla ya skrubu. Mwaka 1911 mkandarasi wa London, John Joseph Rawlings, alikuwa na kazi ya kufunga vifaa vya umeme kwenye jumba la makumbusho la British Museum bila kuharibu kuta. Mtindo wa zamani ulikuwa kuchimba tundu kubwa kwa tindo, kisha kuligongea kipande cha mti. Yeye akatengeneza kijiti chembamba cha nyuzi za juti, zile za magunia (sio katani yetu ya Tanga, msianze kudai haki!), kilichogandishwa kwa gundi ya damu ya wanyama. Hiki cha plastiki tunachokijua leo alikileta Mjerumani Artur Fischer mwaka 1958.

Keekee yenyewe imetoka Marekani. Kampuni ya Black & Decker ilianzishwa Baltimore mwaka 1910, na miaka michache baadaye ikaleta keekee yenye mpini na kifyatulio kama bastola. Ilikuwa ya viwandani tu. Wakati wa vita vya pili, inasimuliwa kuwa kampuni iligundua wafanyakazi wa viwandani wanaondoka nazo kwenda kurekebisha nyumba zao. Badala ya kukasirika wakaona soko. Mwaka 1946 wakatoa keekee za bei nafuu za nyumbani.

Huku Uingereza shida ndiyo ilikuwa mwalimu. Southampton ililipuliwa vibaya na ndege za Wajerumani mwaka 1940. Vita vilipokwisha nyumba nyingi nchini zilikuwa hoi, mafundi wachache, na hadi 1954 kazi kubwa za ujenzi zilihitaji kibali cha serikali. Utamsubiri fundi mpaka lini? Na kumbukeni, wanawake wengi walikuwa wameshashika vifaa viwandani wakati wa vita, wakiunda hata ndege. Hakuna tena wa kuwaambia nyundo ni ya wanaume.

Mwaka 1955 likatoka jarida la Practical Householder. Kisha televisheni ya BBC ikampata Barry Bucknell, akawa anawafundisha watu kupiga randa na kuweka rafu. Mwaka 1962 BBC ilinunua nyumba mbovu huko Ealing kwa pauni 2,250, na Bucknell akaikarabati wiki baada ya wiki nchi nzima ikitazama. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: kufunika milango ya zamani yenye nakshi kwa hadibodi ili ionekane ya kisasa. Mlango wa chumba changu ulikuwa hivyo hivyo. Nilipong'oa hadibodi mwaka jana nikakuta chini mlango wa mbao safi. Nilikaa nikautazama, nikamkumbuka baba.

Na Mwafrika wa kuzaliwa naye yumo. Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyebuni gari la Lotus Elan, mwaka 1961 alikuwa anakata mbao juu ya kiti chake cha bei mbaya, akakikata na kiti! Akabuni meza ya kukunja inayobana mbao, Workmate. Makampuni yakaikataa, hata Black & Decker mwanzoni, ila mwaka 1973 ikaanza kuiunda. Zimeuzwa kwa mamilioni. Halafu duka la kwanza la B&Q lilifunguliwa mwaka 1969 hapa hapa Southampton, mtaa wa Portswood, na Richard Block na David Quayle.

Sasa kupanga vifaa. Nimeiga kwa Paul Child, mume wa mpishi maarufu wa Marekani, Julia Child. Alimtundikia mkewe sufuria kwenye ubao wa matundu, akachora umbo la kila moja. Kikikosekana kitu, mchoro unakusuta. Ni kama chumba cha upasuaji: tunahesabu vifaa kabla na baada, mgonjwa hashonwi hesabu isipotimia. Baba hakuchora, lakini kila patasi ilikuwa na msumari wake, na usiku hakufunga mlango mpaka amezihesabu kwa macho.

Nimewaza jambo moja. Kama jirani zetu wote wangejifanyia wenyewe kama Waingereza, baba angekula wapi? Ada yangu ya shule ilitoka kwenye vitanda na madirisha ya watu. Kwa hiyo sisemi muache kuwaita mafundi. Waiteni, na muwalipe bila kuwazungusha.

Ila mdogo wangu, nimesikia umepata mteja wa sanduku la baba. Najua paa linavuja na hela imekaza. Hela ya mabati nitatuma mwisho wa mwezi huu, mama ni shahidi. Randa na misumeno usiuze. Nikija likizo nataka kushika ile randa mbele ya karakana, na safari hii asinifukuze mtu.

Haya, zamu inaniita. Msalimieni kila anayenikumbuka.