Kijana wa Daraja la Tatu

Ndugu msomaji, kila mwaka majibu ya mitihani ya skuli yatokapo, nyumba zetu za Pwani hugawanyika. Nyumba moja hupikwa pilau na majirani wakaitwa. Nyumba ya pili mlango hurudishwa mapema. Mama hanyanyui uso, baba husema maneno ambayo kesho yake atayajutia, na kijana aliyekuja na karatasi ile hula chakula chake peke yake jikoni. Habari tunayotaka kuieleza hapa ni ya nyumba ya namna hii ya pili, nayo ilikuwako Mombasa mwaka 1949.

Kwanza tuutazame mtihani wenyewe. Zama hizo kijana wa skuli ya sekondari Afrika Mashariki alimaliza masomo yake kwa mtihani wa shahada ya Cambridge. Maswali yalitungwa Uingereza, yakavuka bahari, na majibu ya watoto nayo yakavuka bahari kurudi huko kusahihishwa na watu wasiopata kumwona mtoto hata mmoja kati yao. Shahada ilikuwa na madaraja matatu. Wala haikutosha mtu kufaulu somo alipendalo. Ilimlazimu afaulu masomo kadhaa kwa pamoja, na Kiingereza kikiwa miongoni mwake. Mtoto aliyekuwa hodari wa jiografia au hesabu lakini Kiingereza kikamtupa, hakuhesabiwa kuwa amefaulu. Nyuma ya mtihani huo palikuwa na mlango mmoja tu, nao ni Makerere, Kampala. Kwani Afrika Mashariki nzima haikuwa na chuo kikuu kingine.

Sasa, katika mji huo huo wa Mombasa palikuwa na masomo mengine, yenye walimu wake na wanafunzi wake hodari, ambayo Cambridge haikuyajua. Baada ya alasiri, na tena baina ya magharibi na isha, misikitini palisomeshwa nahau, fiqhi, hadithi na falaki. Kulikuwa na elimu ya mirathi, ambayo peke yake ni hesabu ya kumtoa mtu jasho. Tutoe mfano mmoja, maana wako wanaodhani kuwa darsa za msikitini ni kukariri tu. Mtu amefariki, ameacha mke, binti wawili, mama na baba. Mke, kwa kuwa mume ameacha watoto, ana thumuni. Binti wawili wana thuluthi mbili. Mama ana sudusi, na baba ana sudusi. Gawa mali mafungu ishirini na nne: mke 3, mabinti 16, mama 4, baba 4. Jumlisha. Utapata 27, ilhali mafungu ni 24! Mwanafunzi wa mirathi hujua la kufanya: mali hugawanywa kwa 27, kila mmoja akapungukiwa kwa kiasi cha fungu lake, na thumuni ya mke ikawa tusui, yaani moja katika tisa. Njia hii huitwa auli, na mas-ala haya yenyewe huitwa Mimbariya, kwa kuwa yasimuliwa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa naye yuko juu ya mimbari, akatoa jibu papo hapo na hotuba yake ikaendelea. Kijana wa miaka kumi na sita aliyeweza kuyafumbua haya kwa kichwa, bila kalamu, alikuwa na akili ya hesabu isiyo na shaka. Lakini hapakuwa na karatasi ya Cambridge ya kuipima.

Mtu aliyeiona hatari ya mfarakano huu mapema kuliko wengi alikuwa Marhum Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Alizaliwa mwaka 1891, akawa Kadhi wa Mombasa mwaka 1932, na Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata alipofariki mwaka 1947. Kabla hajaushika ukadhi mkuu, alianzisha karatasi ndogo ya habari iitwayo Sahifa, kisha mwaka 1932 gazeti la Al-Islah. Na baadhi ya makala zake zikakusanywa katika kitabu cha Uwongozi kilichotoka mwaka 1944. Sheikh aliwagombeza watu wa Pwani pande zote mbili. Aliyemkataza mwanawe skuli kwa kuogopa kuwa atapotea, alimwambia kuwa wenziwe watamtangulia na yeye atabaki mtumishi wao. Na aliyempeleka mwanawe skuli akaridhika nayo, asijali tena dini yake wala Kiarabu chake, naye alipata sehemu yake ya lawama. Maneno hayo yaliwachoma watu, na wako waliomwona mzushi.

Wanafunzi wake waliyachukua mafundisho hayo, kila mmoja kwa njia yake. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, alisoma skuli za serikali mchana na darsa za maulamaa jioni, akasomesha skuli miaka mingi, kisha akawa Kadhi wa Zanzibar, na tangu mwaka 1968 Kadhi Mkuu wa Kenya. Tafsiri yake ya Kurani Tukufu kwa Kiswahili ilikamilika kuchapwa mwaka 1969, na hata leo ni nadra kuingia nyumba ya Pwani usiione rafuni. Huyo ndiye mwanafunzi hodari ambaye kila mzazi angependa kumtaja: skuli yumo, msikitini yumo. Lakini si yeye tunayemkusudia.

Tunayemkusudia ni mtoto wa Sheikh Al-Amin mwenyewe, Ali, aliyezaliwa tarehe 24 Februari 1933. Nia iliyokuwako ni kuwa aifuate njia ya baba yake, aende Al-Azhar, Misri, arudi na kilemba. Baba akafariki mtoto akiwa na miaka kumi na minne. Mwaka 1949 Ali akaufanya mtihani wa Cambridge. Majibu yalipokuja, alikuwa amepata daraja la tatu. Makerere hawakumtaka.

Hebu fikiri, msomaji. Mtoto wa Kadhi Mkuu, katika mji ambao kila mtu amjua baba yako na babu yako, na wewe jina lako limo mkiani! Misri haikupatikana, Kampala haikupatikana. Kijana akatafuta kazi ya ukarani.

Kazi hiyo aliipata katika Chuo cha Elimu ya Waislamu cha Mombasa, ambacho watu walikiita kwa herufi zake za Kiingereza, MIOME. Chuo hiki kiliasisiwa mwaka 1948 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Harub, na Aga Khan, na jamaa wa Kibohora, pamoja na fedha za serikali ya Kiingereza. Kikaanza kupokea wanafunzi mwaka 1951. Makusudio yake yalikuwa kuwafunza vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki kazi za ufundi, za mitambo na umeme, kwa kuwa katika kazi hizo Waislamu walikuwa nyuma. Majengo yake ya Tudor, yenye kuba, yangali yanapendeza. Humo ndimo Ali alimokuwa karani.

Yakaja Maulidi. Katika hadhara ya kuadhimisha mazazi ya Mtume wetu (s.a.w.), karani yule alisimama akatoa hotuba, na miongoni mwa waliohudhuria alikuwa Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell. Kusema mbele za watu hakukuwa somo katika ratiba ya skuli. Ali alikuwa amelelewa katika nyumba ya mashekhe, akisikia watu wazima wakijadiliana na baba yake tangu akiwa mtoto wa kuchukua kahawa. Gavana alimsikiliza, akataka kumjua. Kutokana na hotuba hiyo ukapatikana msaada wa masomo, ingawa haukuja mara moja. Mitchell mwenyewe aliondoka Kenya mwaka 1952, na Ali hakusafiri ila mwaka 1955.

Na alikwenda kufanya nini? Hapa ndipo wasimuliaji wengi hupita mbio, wakatoka kwenye hotuba wakaruka hata kwenye uprofesa. Hakika ni kwamba alikwenda Huddersfield, kaskazini ya Uingereza, kuyamaliza masomo ya sekondari. Mtu mzima wa miaka ishirini na miwili, aliyekwisha kuonja mshahara, akarudi kuketi kwenye dawati. Baada ya hapo ndipo alipoingia Chuo Kikuu cha Manchester, akahitimu kwa sifa mwaka 1960. Akapata shahada ya pili Columbia, New York, mwaka 1961. Na udaktari wa Oxford mwaka 1966.

Kabla hata udaktari huo haujatimia, Makerere, chuo kile kile kilichomkataa, kilikuwa kimempa uprofesa wa siasa mwaka 1965. Baadaye akawa mkuu wa kitivo. Alikaa huko hata utawala wa Idi Amin ulipomwondoa mwaka 1973, akaenda Marekani. Mwaka 1979 aliitwa na BBC kutoa mihadhara ya Reith, na mwaka 1986 televisheni ikaonyesha mfululizo wake juu ya Afrika na urithi wake wa namna tatu: wa Waafrika wenyewe, wa Uislamu na wa Wazungu. Anayetaka kujua urithi huo aliupata wapi, asiende mbali. Aitazame Mombasa ya utoto wake. Alifariki Marekani Oktoba 2014, akaletwa Mombasa akazikwa katika makaburi ya Mazrui karibu na Ngome ya Yesu.

Twakiri kwamba kisa hiki chaweza kusomwa vibaya. Baba mmoja, rafiki yangu, nilipompa habari hii alicheka akasema, "Basi nimwache mwanangu acheze, gavana atakuja!" Nikamjibu kuwa Ali hakucheza. Ila rafiki yangu aligusa jambo jingine bila kukusudia. Ali alikuwa na mambo ambayo mtihani haukumpa: jina la baba yake, nyumba iliyojaa vitabu, chuo cha Waislamu kilichompa kiti cha karani, na mji uliokuwa na Maulidi ya kuhudhuriwa na gavana. Mwaka ule wa 1949 wako wengine waliopata daraja la tatu, na wako waliokosa kabisa. Yumkini miongoni mwao alikuwako aliyeweza kuyafumbua mas-ala ya Mimbariya kwa kichwa. Hao waliingia bandarini, na madukani, na katika ofisi za reli, wakawa babu zetu, na hakuna aliyesimama hata siku moja akawauliza walikuwa wakijua nini.