Mapango ya Nani? Altamira, Brandberg na Nasaba ya Sanaa ya Magharibi

Vitabu vingi vya utangulizi wa sanaa ya Magharibi huanzia gizani: mafahali wa Lascaux, bisoni wa Altamira. Kurasa chache mbele msomaji yuko Misri, halafu Ugiriki, halafu Roma, na msafara unaendelea hadi Paris. Mpangilio huu umezoeleka hivi kwamba ni nadra mtu kuuliza wawindaji wa Enzi ya Barafu waliingiaje katika ukoo wa Magharibi. Hoja ya makala haya ni kwamba waliingizwa, tena juzijuzi tu, na wasomi waliokuwa wamewakataa kwanza. Ushahidi bora zaidi unapatikana katika kazi ya mtu mmoja, kasisi wa Kifaransa Henri Breuil.

Mwaka 1879, kaskazini mwa Hispania, Marcelino Sanz de Sautuola alikuwa akichimbua sakafu ya pango la Altamira akitafuta zana za mawe. Bintiye María, mwenye umri wa miaka 8, ndiye aliyeinua macho. Dari lilikuwa chini kiasi cha kumlazimu mtu mzima kuinama. Pengine ndiyo maana baba mtu hakuona kilichokuwa juu ya kichwa chake. Kulikuwa na kundi zima la bisoni, wekundu na weusi. Aliyewachora hakuuchukulia mwamba kama ubao mtupu. Alitafuta mahali jiwe lilipovimba, akaufanya uvimbe huo bega au ubavu wa mnyama, akapitisha mstari wa makaa pembezoni, akajaza ngeu, na kwingine akakwangua rangi ili mwili upate mwanga na kivuli. Baadhi ya bisoni wamejikunyata, miguu imekunjwa chini ya tumbo, wakaenea barabara kwenye nundu la jiwe. Ukiwatazama kwa mwanga wa taa ya mafuta inayoyumba, unaelewa kwamba mchoraji alizingatia hata kucheza kwa vivuli.

Wakubwa wa taaluma ya mambo ya kale nchini Ufaransa, Émile Cartailhac akiwa mstari wa mbele, walikataa katakata kwamba michoro hiyo ni ya kale. Wapo walionong'ona kwamba Sautuola alikuwa amemtumia mchoraji wa siku zao. Pingamizi lao kuu halikutoka kwenye mwamba. Lilitoka kwenye imani kwamba binadamu wa Zama za Mawe, "mshenzi" kwa lugha ya wakati ule, hakuwa na uwezo wa kuchora namna hiyo. Sautuola alifariki mwaka 1888 akiwa bado anashukiwa. Baada ya mapango mengine yenye michoro kujitokeza Ufaransa kwenyewe, Cartailhac aliandika makala ya kukiri kosa mwaka 1902, na mwaka huohuo akaenda Altamira pamoja na Breuil, kijana wa miaka 25 mwenye kipaji cha kunakili michoro. Mshenzi wa jana akawa babu wa leo.

Sasa tumfuate Breuil hadi Namibia. Katika mlima Brandberg upo mchoro ambao mpimaji Mjerumani, Reinhard Maack, aliukuta wakati wa Vita Kuu ya Kwanza: mtu wa kimo cha sentimita 40 hivi, anatembea, mkono mmoja ameshika upinde na mishale, mwingine kitu mfano wa ua au kikombe, na sehemu kubwa ya mwili wake imepakwa rangi nyeupe. Breuil alimwona ni mwanamke, tena mgeni kutoka pande za Mediterania, na akamhusisha na michoro ya kisiwa cha Krete. Kitabu chake cha mwaka 1955 kilimpa jina la "Bibi Mweupe". Watafiti waliokuja baadaye walionyesha kwamba ni mwanamume, kwamba weupe ule ni rangi ya kujipaka mwilini, na kwamba mchoro wote umo ndani ya mapokeo ya wawindaji wa Kusini mwa Afrika wenyewe. Jicho ni lile lile lililosoma Altamira kwa umakini mkubwa. Ulaya, michoro mizuri ilipewa wenyeji, hata kama miaka zaidi ya 10,000 ilikuwa imepita katikati. Afrika, ambako wenyeji walikuwapo bado, ilitafutiwa mgeni.

Nasaba hiyo ya Ulaya nayo haisimami ikikaguliwa. Uchoraji wa mapangoni ulikoma barafu ilipoyeyuka. Kilimo kililetwa baadaye na watu waliotoka Anatolia, wakiwa na vyungu na imani nyingine kabisa. Mchonga sanamu wa Kigiriki hakuwahi kusikia habari za Lascaux, pango lililofunuliwa mwaka 1940. Alikuwa amesikia habari za Misri. Kijana wa marumaru aliyeko katika makumbusho ya Metropolitan, New York, aliyechongwa karibu mwaka 590 KK, ametanguliza mguu wa kushoto, mikono imenyooka ubavuni, ngumi zimefumbwa: ni msimamo wa sanamu za Kimisri, na hata vipimo vya mwili vinafuata kanuni ya huko. Wagiriki walikuwa na kituo cha biashara Naukratis, katika delta ya Nile. Walichobadilisha kina uzito wake, kwani walimvua nguo kijana huyo na kuliondoa jiwe lililojaa kati ya miguu. Ila somo lenyewe walilichukua Afrika.

E. H. Gombrich, katika kitabu chake maarufu cha historia ya sanaa cha mwaka 1950, anaweka katika sura ya kwanza mapango ya Ulaya pamoja na kichwa cha shaba cha Ife, Nigeria, kazi ya zama za kati, kabla hata ya kufika Misri. Fundi wa Ife, aliyeimudu shaba kiasi hicho, amerudishwa nyuma maelfu ya miaka ili mwanzo upate kampani.

Mtetezi wa mpangilio wa zamani atasema mapango ya Ufaransa na Hispania yana michoro mingi ya Enzi ya Barafu kupita kwingine. Kweli, lakini mapango marefu ya chokaa huhifadhi rangi, ilhali majabali ya wazi kama ya Kondoa, Tanzania, hupigwa jua na mvua. Na Ulaya imetafutwa kwa miaka zaidi ya 100. Blombos, Afrika Kusini, kuna mistari ya ngeu juu ya jiwe yenye umri wa miaka 73,000. Sulawesi, Indonesia, kuna nguruwe aliyechorwa si chini ya miaka 51,200 iliyopita, kabla ya simba na vifaru wa pango la Chauvet, Ufaransa, kwa zaidi ya miaka 10,000.

Mhadhiri anayepanga somo la sanaa ya awali ya Magharibi anaweza basi kuanzia Naukratis na yule kijana wa marumaru bila kupoteza chochote. Altamira ikakaa somo moja na Sulawesi, Brandberg na Kondoa, wanafunzi wakilinganisha uvimbe wa mwamba, ngeu na mwanga, na nakala za Breuil zikiwa mezani pamoja na maelezo aliyoyaandika chini yake.