Kutoka Fahirisi hadi "Jedwali la Yaliyomo"

Miongoni mwa istilahi zilizoingia maofisini mwetu pamoja na kompyuta, iko moja ionekanayo nyepesi ambayo imewapotezea makarani na walimu saa nyingi. Nayo ni "jedwali la yaliyomo". Makala haya yanakusudia kueleza asili yake, na jinsi neno lenyewe linavyompoteza mtumiaji pale orodha inapokataa kutokea sawasawa.

Lugha yetu haikuwa na upungufu wa neno. Tulikuwa na fahirisi, tuliyoipata kwa Waarabu, nao waliipata kwa Waajemi. Ibn al-Nadim wa Baghdad alipokusanya orodha yake kuu ya vitabu mwaka 987, aliiita Al-Fihrist, yaani orodha tu. Katika Kiswahili, fahirisi na faharasa zilichukua maana mbili: orodha ya sura iliyo mwanzoni mwa kitabu, na orodha ya maneno iliyo mwishoni. Vitabu vya shule vilipozoea kuandika "Yaliyomo" mwanzoni, fahirisi ikasukumwa nyuma. "Yaliyomo" ni neno zuri. "Mambo" yamefichwa, na upatanisho umeachwa useme peke yake.

Zamani za herufi za risasi, ukurasa huo ulitungwa mwisho ingawa msomaji aliukuta kwanza. Kurasa zote zilipokwisha kupangwa, ndipo mtu akaketi na prufu, akanakili kila kichwa na nambari yake. Kurasa za utangulizi zilipewa nambari za Kirumi ili, ziongezeke au zipungue, sura ya kwanza ibaki na ukurasa wa 1. Kosa likitokea, lilikuwa kosa la jicho.

Mtambo ulileta kosa la namna nyingine. Mwaka 1980 Brian Reid, wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, alikamilisha tasnifu juu ya programu yake iitwayo Scribe. Ndani yake mwandishi hakueleza ukubwa wa herufi, bali kazi ya kila fungu: hiki ni kichwa cha sura, hii ni nukuu. Kwa kuwa programu ilijua kichwa ni kipi, iliweza kuorodhesha vichwa yenyewe. Programu ya LaTeX ilifuata njia hiyo. Nayo huhitaji kupitishwa matini mara mbili, kwanza iandike orodha kando, kisha iiingize mahali pake. Microsoft Word, iliyotoka mwaka 1983, nayo ikawa na "mitindo" inayobandikwa juu ya mafungu.

Kwetu mambo yalichelewa. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Si ajabu basi kwamba istilahi za kazi hii hazikuwa na haraka. Mwishoni mwa 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, iliyotafsiriwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Microsoft nayo ikaleta tafsiri yake katika miaka iyo hiyo. Hapo ndipo "jedwali" lilipopata nguvu. Neno la Kiingereza latokana na Kilatini, kwa maana ya ubao wa kuandikia, likaja kumaanisha pia orodha. Jedwali letu halina maana hiyo. Ni safu na mistari iliyopigwa.

Tuchukue mfano wa karani wa Kigera, mkoani Mara, anayeandaa taarifa ya kurasa 60. Huko wengi huzungumza Kikwaya, Kijita au Kizanaki nyumbani, hivyo istilahi ya ofisini hapana budi ijieleze yenyewe. Akisikia "jedwali", hufungua menyu ya majedwali, akachora safu mbili na kuandika vichwa na nambari kwa mkono. Akiongeza kurasa mbili katikati, nambari zote zinazofuata zasema uongo. Mwenzake atumiaye amri yenyewe huambiwa kwamba hakuna kichwa kilichopatikana, kwani alikoleza herufi tu bila kubandika mtindo wa kichwa. Aya nzima ikiingia katika orodha, aya hiyo imebandikwa mtindo huo kimakosa. Mstari mtupu wenye nambari una sababu iyo hiyo. Na vichwa vya ngazi ya nne visipoonekana, mtambo haukuharibika: Word huonyesha ngazi tatu hadi iagizwe vinginevyo.

Orodha haijirekebishi pia kila tunapoandika, yapasa isasishwe. "Sasisha", lililozaliwa na "sasa", ni uundaji wa kupongezwa. Ila mtumiaji huulizwa kama asasishe nambari za kurasa tu au orodha nzima. Akichagua la kwanza, kichwa kipya hakitaingia. Na masahihisho aliyoyaandika ndani ya orodha hufutika orodha nzima inaposasishwa. Yafaa asahihishe kichwa chenyewe.

Twapendekeza basi "orodha ya yaliyomo", na fahirisi iachiwe orodha ya mwishoni. Limebaki "mtindo", ambalo kwa msemaji wa kawaida ni pambo, kama mshono wa nguo. Kwa vichwa, "ngazi" lingefaa zaidi: karani akiambiwa akipe kichwa ngazi ya pili, hatatafuta wino mzito. Kwa mafungu mengine, kama nukuu na maelezo ya picha, "mtindo" laweza kubaki.