Jengo la Bunge Dodoma: safari ya miaka 33 hadi chini ya paa la msonge

Kila Juni, waziri wa fedha anaposoma bajeti, redio hutangaza kutoka Dodoma. Anayesafiri kutoka Singida kwenda Morogoro hulikuta jengo lenyewe kando ya barabara: kubwa, la mviringo, paa limepanda kuelekea katikati. Wengi hudhani Bunge lilikuwapo hapo tangu zamani. Sivyo.

Baada ya Uhuru, Bunge lilikutana Dar es Salaam katika Ukumbi wa Karimjee, uliotolewa kwa mji na familia ya wafanyabiashara yenye jina hilo. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu yahamie Dodoma, katikati ya nchi, ili serikali isibaki pwani mbali na wananchi wa bara. Mpango ulikuwa kumaliza kazi hiyo ndani ya miaka kumi. Lakini ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, kisha hali ngumu ya uchumi, na fedha za ujenzi zikawa haba. Wizara nyingi ziliendelea kukaa Dar es Salaam.

Bunge lilizitangulia wizara hizo. Lilihamia Dodoma mwaka 1996, Spika akiwa Pius Msekwa, na kwa miaka kumi likafanya kazi katika ukumbi mdogo ambao leo unaitwa Ukumbi wa Msekwa. Ukumbi mpya, huu tunaouona, ulizinduliwa na Rais Jakaya Kikwete mwaka 2006. Hesabu mwenyewe tangu 1973.

Sasa tuliangalie paa. Kwa mbali linafanana na msonge, ile nyumba ya duara ambayo fito zake hukutana juu, na Wahaya wanasifika kwa kuijenga. Lakini kwetu Singida, kama kwa Wagogo wa Dodoma, nyumba ya asili ni tembe: ya pembe nne, paa bapa la miti na udongo. Kwa hiyo sura ya jengo hili si ya wenyeji wa hapo. Hata hivyo, kwa ukumbi mkubwa ina faida. Tembe huhitaji nguzo nyingi ndani kubeba ule udongo, na nguzo zingewaziba wabunge wasimwone Spika. Paa la duara lililoinuka hupeleka uzito wake pembeni, kwenye ukuta na nguzo za kuzunguka, katikati pakabaki wazi. Wajenzi wa Kilwa Kisiwani nao, karne nyingi zilizopita, walifunika msikiti wao mkuu kwa kuba za mawe ya matumbawe.

Dodoma ilitangazwa makao makuu kwa sheria mwaka 2018 tu, miaka 12 baada ya ukumbi kufunguliwa.

Mwananchi anaweza kuingia kusikiliza mjadala kutoka viti vya wageni. Njia rahisi ni kupitia mbunge wako. Wageni wake hutambulishwa ukumbini baada ya maswali ya asubuhi.