Bangili za sumaku na za ayoni: je, zinaondoa maumivu?

Wamama wanaopandisha mizigo hadi soko la Kadutu wanayajua maumivu ya magoti na mgongo kuliko sisi tunaoandika. Mikononi mwa baadhi yao tumeona bangili zinazoitwa za sumaku, nyingine za ayoni. Muuzaji huahidi kwamba sumaku itavuta chuma kilicho katika damu, damu itatembea vizuri, maumivu yataisha. Waamini wanatuuliza: zinaponya kweli? Na je, ni hirizi?

Damu ina chuma, ndiyo. Lakini chuma hicho kimefungwa ndani ya chembe nyekundu, hakivutwi kama msumari. Mgonjwa anayepigwa picha kwa mashine kubwa ya sumaku hospitalini hulala ndani ya sumaku inayozidi sana ile ya bangili, na damu yake haikusanyiki upande mmoja.

Watafiti wamezipima pia. Mwaka 2002 Mayo Clinic ya Marekani ilitoa matokeo ya watu 610 wenye maumivu ya misuli na viungo. Nusu walivaa bangili ya ayoni, nusu bangili ya kuiga, kwa wiki nne, bila kujua nani ana ipi. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na kwa kiasi kilekile. Maumivu hupanda na kushuka, na mtu hununua bangili siku yamezidi. Yakishuka, bangili inapata sifa. Tumaini nalo hupunguza maumivu kwa muda. Kwa hiyo dada anayeshuhudia kwamba alilala vizuri hasemi uongo.

Uingereza, mwaka 2004, watu 194 wenye ugonjwa wa nyonga na magoti walipimwa, na waliovaa sumaku kali walisema maumivu yamepungua. Watafiti wenyewe hawakuwa na hakika kama sumaku ndiyo iliyofanya kazi. Ni rahisi kuitambua: inanasa funguo! Mwaka 2013 wagonjwa 70 wa baridi yabisi walivaa kwa zamu sumaku kali, sumaku dhaifu, mkanda usio na sumaku na bangili ya shaba. Hakuna iliyosaidia kwa kiasi cha maana.

Mwaka 2006 mahakama ya Chicago iliamuru wauzaji wa bangili ya Q-Ray wawarudishie wanunuzi fedha zao, kwa sababu waliahidi tiba bila ushahidi. Na Desemba 2021 serikali ya Uholanzi ilikataza bidhaa 10, zikiwemo bangili na mikufu, baada ya kukuta zinatoa mionzi inayoweza kudhuru mtu akizivaa muda mrefu. Mtu mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asiweke sumaku karibu na kifua bila kumuuliza daktari.

Kuhusu hirizi, ndugu wengine wanasoma Ezekieli 13 na kutaka bangili zivuliwe mbele ya kusanyiko. Hatukubali. Nabii aliwakemea waliotengeneza na kuwinda roho za watu. Mama mwenye goti lililovimba ndiye aliyewindwa. Tena sisi wachungaji tusijitoe katika hesabu: kuna vyumba vya maombi ambamo maji na mafuta vimeuzwa kwa ahadi ileile.

Linalotutia hofu zaidi ni tiba inayoachwa. Mama mmoja tuliyemtembelea alikuwa ameacha dawa za shinikizo la damu, akisema bangili inatosha. Alirudi kwenye dawa baada ya maongezi marefu, na bangili akaendelea kuivaa, hatukumgombeza.

Kiungo kilichovimba na kuwa cha moto, maumivu pamoja na homa, mguu unaokufa ganzi: hayo yapelekwe kituo cha afya. Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, akishikwa na maumivu ya mifupa na homa, apelekwe siku ileile, hata usiku. Kama nauli imekosekana, mwambieni shemasi wa mtaa kabla ya kwenda kwa muuzaji.